Deni Uliloniachia Mpungani

Conso,

Nina hasira na wewe. Naanza na hilo kwa sababu ni wewe uliyenifundisha kwamba mgonjwa akifika usipoteze muda kumuuliza habari za nyumbani, mpime kwanza. Basi nimejipima. Ni hasira. Salamu zitafuata.

Nakuandikia ndani ya gari, kwenye foleni ya mazutu, nangoja kujaza tangi. Hujakosa kitu, foleni inakwenda vile vile ulivyoiacha, yaani haiendi. Wa mbele yangu wameshuka wanacheza karata juu ya boneti, wa nyuma yangu amelala mdomo wazi. Kalamu nimeiazima kwa binti anayeuza uniti za simu, na ananitazama kila dakika kama nitakimbia nayo. Na huu mwili nikimbilie wapi? Najua pia utakachosema juu ya mwandiko wangu, ulikwisha kusema: "Papa Zuhura, hii ni hati ya mutu ao ni mbu ameanguka kwenye wino?" Cheka. Ukimaliza kucheka, nisikilize.

Ulikufa kwa malaria. Wewe. Nimejaribu kulisema jambo hili polepole, nimejaribu kulisema kwa haraka, halikai mdomoni. Umemaliza ujana wako kuwafuata mbu kwenye mashamba ya mpunga, unawajua kwa mabawa, unawajua kwa namna wanavyokaa ukutani wameinua makalio, halafu mmoja wao akakumaliza. Na hilo lingekuwa bahati mbaya tu, ningelia nikanyamaza. Lakini haikuwa bahati mbaya, Conso. Ulikuwa ubishi.

Wewe uliyekuwa ukimkemea mama mwenye mtoto wa moto mgongoni: "Ulingoja nini? Homa ikianza asubuhi, mchana nataka kukuona kituoni!" Wewe uliyezaliwa juu kwenye baridi, ukatueleza kwa mdomo wako kwamba mtu wa milimani akiteremka huku bondeni, malaria humwangusha vibaya kuliko sisi tuliokua tunaumwa nayo tangu tunatambaa. Siku ya kwanza ukaniambia ni uchovu. Kesho yake ukaniambia ni mafua. Nikakuona umeegemeza kichwa kwenye kioo cha dirisha, nikapunguza mwendo, nikasema, Conso, twende ukapime, kituo kiko hapo mbele. Ukajibu bila kufungua macho: "Apana, Papa Zuhura. We endesha gari, udokta niachie mi."

Halafu ukafungua mkoba ukameza vidonge vilivyobaki. Mabaki ya nani? Ya lini? Nusu dozi, Conso! Kitu ulichokuwa ukikipigia kelele huku umenyoosha kidole, mpaka watoto wa kule mpungani wakawa wanakuigiza wakicheza. Na mimi, mjinga, nikaendesha gari kama nilivyoambiwa. Nilipokufikisha hospitali Kamenge ulikuwa unaniita kwa jina la baba yako. Madaktari walihangaika mpaka mwisho, siwalaumu. Uliwafikia umechelewa, na aliyekuchelewesha alikuwa dokta.

Basi. Nimeshakugombeza. Nitakugombeza tena mbele kidogo, usiondoke.

Habari za ofisini Kinanira. Meza yako imepewa printa. Uliomba feni tangu tunajuana hukupata. Printa imewekewa feni, eti ikipata joto inameza karatasi. Kikombe chako nimekiiba, kiko hapa kwenye droo ya gari, kimefungwa kwa kitambaa. Na mbu wako wa kufugwa, wale wa kwenye vizimba, wamekufa wote, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuwawekea maji ya sukari. Niliingia nikawakuta wametapakaa chini kama majani ya chai. Nikasimama pale nikawahuzunikia mbu. Ona ulichonifanya. Nikimsimulia mama Zuhura, ananigusa paji la uso kwanza.

Lakini nilichokaa kukuandikia ni habari ya Mama Générose.

Unamkumbuka uani kwake, kule mpungani. Ile jioni ya kwanza mmoja wa timu hakuja, ukazunguka kunitazama miguu kama mtu anayechagua ng'ombe. "Papa Zuhura, miguu hiyo Mungu hakukupa bure." Nikamezeshwa dawa ya kinga kama ninyi wengine, nikakunja suruali mpaka magotini, nikakalishwa kwenye kigoda, nikapewa ule mrija wa kuwanyonya mbu kabla hawajauma. Wakanijia kama wageni wa arusi waliosikia harufu ya pilau. Nikawakusanya, nikajisifu moyoni, halafu nilipotakiwa kuvuta nikapuliza. Wote wakatoka. Ulicheka mpaka ukakaa chini na suruali yako nyeupe. Na Mama Générose, ambaye hatukuwa tumemwona akitabasamu, akaziba mdomo kwa kitenge, mabega yakimtetemeka. Kazi ya sayansi niliyofanya siku hiyo ilikuwa ni hiyo tu.

Alikuwa anapika nje, kama kila mtu kule. Ndani ni chumba kimoja, joto na moshi. Nje kuna mafiga matatu, mkeka, na hewa. Watu wanarudi kutoka mpungani, wanakoga miguu, wanakaa kuzunguka sufuria, wanakula, wanaongea, watoto wanasinzia mapajani. Ndani, chandarua kimetundikwa juu ya kitanda, kizima, safi, kinawangoja. Na ni wakati huo huo, sahani zikiwa mikononi, vikombe vyetu vya karatasi vya kuwekea mbu vilikuwa vinajaa.

Tulipokuwa tunafunga vitu, alikujia. Nilikuwa karibu, nilisikia yote. Alikuwa amemzika bintiye msimu uliotangulia, na wale wanaopita na vipaza sauti walikuwa wamewaambia watu wa kule kwamba watoto wanakufa kwa sababu ya mama wazembe wanaofungia vyandarua sandukuni. Akasema: "Docteur, mi nilimulaza mutoto wangu mu neti kila siku. Kila siku. Watu wananitazama. Niambie, nilikosea wapi?"

Ukamshika mikono yote miwili. "Sijajua bado, mama. Nikijua, we ndiye wa kwanza. Nitarudi mi mwenyewe nikuambie." Akakufungia viazi vitamu kwenye gazeti, na tulivila njiani, na vilikuwa vizuri, na kila nikivikumbuka hasira inanipanda.

Kwa sababu ulijua, Conso. Siyo siku hiyo, lakini ulikuja kujua. Nakumbuka tunarudi, tumeshapita Kinama, ukapiga dashibodi kwa kiganja mpaka nikadhani tumegonga mbuzi. "Wanaumwa kwenye sahani, Papa Zuhura! Kwenye sahani! Neti wanatumia, neti inafanya kazi yake, lakini mbu wanakula wakati wao wanakula!" Nikapunguza mwendo. Nikasema, basi nageuza gari, tukamwambie yule mama. Ukasema ngoja. Ngoja msimu upite. Ngoja tuhakikishe na vijiji vingine. Ngoja wale wataalamu wa ng'ambo wasome. Nisije nikasema kitu halafu nikarudi kukikana, ukasema. Ukaniomba niendeshe.

Ngoja. Neno hilo kama lingekuwa na shingo ningelinyonga. Mpunga ulipandwa ukavunwa, ukapandwa ukavunwa. Kila tukifika, Mama Générose anakutazama bila kusema, na wewe unasema: "Wiki ijayo, mama." Najua ulikuwa mwangalifu. Najua ulikuwa na haki ya kuhakikisha, na kwamba mtu wa kazi yako akikosea anapoteza jina. Lakini yeye alikuwa anapoteza usingizi. Jibu lake lilikuwa limekaa Kinanira, mlimani kwenye upepo, mahali ambapo hata mbu hajisumbui kupanda, na yeye akienda kisimani wenzake wanasogeza ndoo zao mbali naye.

Halafu ukafa. Ukamwachia nani hilo neno? Printa?

Siku ya kuondoa matanga, kuganduka kama mnavyosema nyinyi watu wa milimani, tulikutana Kinama kwa kaka yako mkubwa. Turubai, viti vya plastiki, kreti za bia, na mimi mtoto wa Buyenzi, nisiyeonja pombe, nimekaa katikati na Fanta yangu kama bibi arusi. Direkta wetu wa Kinanira alikuja, nimpe haki yake, na suti nyeusi. Alizungumza vizuri. Alisema ulijitoa kwa ajili ya sayansi. Alisema kazi yako itaishi. Watu wakapiga makofi, mimi nikautafuna mrija wa Fanta mpaka ukawa bapa.

Kisha kaka yako akasimama kuuliza lile swali la kwenu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kumaliza salama: "Ndugu yetu asilale na deni. Anayemdai aseme leo. Akinyamaza leo, anyamaze moja kwa moja." Fundi wa nguo akasema kuna gauni lako la kijani liko kwake halijachukuliwa. Watu wakacheka kidogo, ule mcheko wa msibani. Kaka yako akaahidi kulifuata. Akageuka kukaa.

Nyuma kabisa akasimama Mama Générose. Alikuwa ametoka kwake alfajiri, amepanda lori la magunia, ana vumbi mpaka kwenye kope. "Na mi namudai."

Kaka yako akauliza kwa adabu, kiasi gani, mama?

"Apana pesa. Tunamudai neno. Alichukua mbu kwenye miguu ya wanaume wetu. Alichukua damu kwenye vidole vya watoto wetu. Tukamupa, kwa sababu alitutazama usoni. Alisema atarudi na jibu. Mi nimekuja kulichukua."

Hakulia. Angelia ingekuwa rahisi, tungemfariji tukamkalisha. Alisimama tu. Kaka yako akamtazama Direkta, na turubai zima likamtazama Direkta. Akafunga kifungo cha koti, akasimama nusu. Matokeo yapo, akasema, yako katika hatua za mwisho, yatatolewa kwa njia zake.

"Njia gani?" akauliza Mama Générose. "Ya kwetu gari yenu inaijua."

Mtu mmoja upande wa kreti akasema "Eee!" Direkta akakaa. Na kaka yako, masikini, amebaki katikati na mikono wazi, maana unajua kwenu deni lililotajwa siku hiyo likikosa mtu wa kulibeba linabaki kwenye nyumba. Akauliza: "Nani analibeba?" Akauliza tena.

Nikasimama. Kiti nacho kikasimama na mimi, unakijua kiuno changu na viti vya plastiki. Nilikuwa na maneno mazuri kichwani, yakapotea yote. Nikasema, nikiwa nimevaa kiti: "Mi nalibeba." Watu hawakujua wacheke ao walie. Shangazi yako alikuja kukivuta kwa nyuma. Lakini Mama Générose alinitazama machoni, akaitikia kwa kichwa mara moja, akakaa. Alikuwa ameninunua, mdaiwa wake sasa ni mimi.

Jumatatu nikaingia kwa Direkta bila kubisha. Nikamwambia nakwenda mpungani kulipa.

"Papa Zuhura," akasema, na akatabasamu lile tabasamu la kumtuliza mtoto, "wewe ni shofere."

"Ndiyo, Direkta. Ndiyo maana nitafika."

"Hujui maelezo ya kisayansi."

"Kabisa, sijui kitu. Nitawaeleza nilivyoelewa mimi. Mbu wanapenda watu wanaokula. Na ofisi ilikuwa inajua muda wote."

Tabasamu likaondoka. Akasema hatuwezi kwenda kusema hivyo. Nikamwambia basi aje aseme yeye vizuri, mimi nitatafsiri. Akasema hakuna mazutu. Nikamwambia foleni nitapanga mimi. Akatazama dirishani, kuna mandhari nzuri sana ya ziwa pale, nadhani ndiyo inayowaharibu. Mwisho akasema, haya.

Nikupe na yeye haki yake, Conso, ingawa sitaki. Alikuja. Walijaa uani kwa Mama Générose, wanaume, wanawake, watoto, na mkuu wa mlima, kiongozi wa kijiji, na kofia yake. Direkta akafungua kompyuta akaanza kusoma kwa Kifaransa, na mimi natafsiri, na naapa kuna neno moja nililitafsiri kwa namna tatu na zote zilikuwa uongo. Watu walianza kutazama jua. Kuku akapanda juu ya mfuko wa kompyuta. Direkta akasoma sentensi moja zaidi, akanyanyua macho, akamkuta Mama Générose amesimama mbele yake kama alivyosimama Kinama. Akafunga kompyuta. Akasema kwa Kirundi, kile alichonyonya kwa mama yake:

"Mama, hukukosea. Mtoto wako alilala salama kwenye neti. Aliumwa na mbu hapa nje, wakati wa chakula, kabla hujamlaza. Neti endeleeni nayo, inawalinda mkilala. Lakini uzembe haukuwa wako."

Pumzi moja, Conso! Niliihesabu kwa masikio yangu. Kitu mlichokikalia misimu yote hiyo, mkakihakikisha, mkakivusha bahari kikasomwe, kinatosha kwenye pumzi moja ya mtu mwenye suti. Nilishuka mpaka kwenye gari nikaipiga tairi teke, na mguu unaniuma hadi leo, na usinicheke.

Niliporudi walikuwa bado wamemzunguka Mama Générose. Wanawake wawili walikuwa wamemsogelea, hawakumgusa, walisogea tu mpaka vitenge vikagusana. Nadhani walikuwa ni wale wa ndoo. Direkta, ambaye ameshaijua desturi sasa, akamuuliza: "Mama, umeridhika? Deni limelipwa?"

Mama Générose akatazama mafiga yake. Akatazama mlango wa chumba chake, mweusi kwa moshi. Akatazama mkeka.

"La kwanza limelipwa. Mungu amupumuzishe Docteur." Halafu akauliza, kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza njia: "Sasa tule wapi?"

Direkta akafungua mdomo. Nilimsikia anavuta pumzi ya kusema tutaandaa pendekezo. Nikakohoa. Akaufunga.

Nikakumbuka, Conso. Nikakumbuka kile ulichokichora kwa kidole kwenye vumbi la kioo cha mbele, tukiwa tumekwama kwenye matope mwaka ule. Kibanda cha kulia chakula. Nguzo nne, paa la nyasi, wavu kuzunguka kote, mlango unaojifunga wenyewe. Mafiga nje kidogo, moshi uende zake, watu ndani. Nikakuuliza kitafaa? Ukasema sijui, itabidi tupime. Kisha nikawasha waipa. Mimi, kwa mkono wangu, nikakifuta.

Nikakichora tena pale chini, kwa kijiti. Mchoro wangu ulifanana zaidi na choo, na mkuu wa mlima alisema hivyo mbele ya watu. Lakini Mama Générose akachuchumaa akachukua kijiti, akahamisha mlango. Upepo wa jioni unatoka huku, akasema, mlango usitazame huku. Mumewe akasema nguzo anazo. Kijana wa jirani anajua kushona wavu, anatengeneza nyavu za ziwani. Wakaanza kubishana wao kwa wao, wametusahau, na Direkta amesimama pembeni anamfukuza kuku.

Direkta amesaini wavu ununuliwe. Kibanda kimoja tu, kwa nyumba moja tu, tupime kwanza, amesema, na kwa hilo sikumbishia kwa sababu ungesema hivyo hivyo. Wavu uko hapa nyuma ya kiti, umeviringishwa, unanuka plastiki. Ndiyo maana niko kwenye foleni hii, na ndiyo maana nimepata muda wa kukugombeza.

Sijui kama kitawazuia mbu. Pengine watapita chini. Pengine watoto watauchana kabla ya Jumapili. Lakini nimempa Direkta sharti, naye amekubali mbele ya watu wa kule, kwa hiyo hana pa kukimbilia. Tutakachokiona jioni uani, tutakisema jioni ile ile uani, hata kama ni kibaya, hata kama ni "hatujui". Hakuna kupanda nacho Kinanira kwanza. Na miguu yangu nimeitoa tena. Safari hii najua, ni kuvuta.

Hasira haijaisha. Nilidhani nikiandika itapungua, imekaa tu pale kwenye kiti chako, imefunga mkanda. Ungeninyang'anya funguo, ungenipigia kelele, ungesema Papa Zuhura geuza gari, nimeogopa, nipeleke. Ningegeuza katikati ya barabara. Ungekuwa hai, ungekuwa umesimama uani pale wewe mwenyewe, useme lile neno kwa sauti yako. Alikuwa anakungoja wewe, alichopata ni suti na shofere.

Binti anataka kalamu yake. Foleni imesogea, wacheza karata wanakimbilia magari yao.

Lala, Conso, dokta mbishi. Deni lako la pili ninalo mimi, usiamke kwa ajili yake. Na hili nakuahidi kama nilivyomwahidi mama Zuhura. Siku nitakayohisi baridi jua likiwa kali, siku kichwa kitakaponigonga hata kidogo, nitasimamisha gari hapo hapo, Direkta awe ndani asiwe ndani, nikapime.

Papa Zuhura